Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Dodoma

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Taarifa hii ni ndefu kuliko ya mwaka jana, na inatumwa pia kwenye kundi letu la simu kwa faida ya wale ambao, kwa uzoefu wangu, mkutanoni hawatafika ila maoni watakuwa nayo.

Shughuli za mwaka

Madarasa ya Jumamosi ya kikundi chetu cha kutengeneza muziki na sauti za filamu na gemu yaliendelea kama mnavyojua. Tulisoma harmonia. Tulisoma kuoanisha muziki na picha, ambapo filamu inapita fremu 24 kwa sekunde na ngoma ikichelewa fremu nne tu mtazamaji anashtuka bila kujua kilichomshtua. Tulisoma kurekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, kiwango cha sauti za filamu, na naona bado kazi zinaletwa kwa 44.1 kana kwamba tunatengeneza siidii. Tulifanya sauti za filamu fupi tatu za wanafunzi wa hapa mjini pamoja na gemu moja ya simu ambayo haijatoka. Kwenye filamu ya pili, sauti ya tope linalokanyagwa usiku ni ya zabibu za sokoni Majengo zilizopondwa ndani ya beseni. Wazo lilikuwa langu, ingawa jina langu halikuonekana mwishoni mwa filamu.

Mapato: ada 780,000, kazi za nje 1,150,000, michango ya kinanda 1,640,000, jumla shilingi 3,570,000. Matumizi: pango 1,200,000, umeme na intaneti 430,000, rekoda na vifaa vyake 1,585,000, safari ya Chamwino 140,000, jumla 3,355,000. Salio 215,000. Risiti anazo mhazini, anayetaka kuziona azione.

Suala la rekoda

Sasa naingia kwenye jambo ambalo najua ndilo litakalowaleta wengi mkutanoni. Maneno yanayozunguka ni haya: "Tulichangia kinanda, tumeletewa maikrofoni." Sikatai, fedha ya kinanda nilinunulia rekoda, yaani mashine ya kunasia sauti, pamoja na maikrofoni yake. Ila maneno hayo yanaishia nusu, na nusu nyingine naileta mimi.

Kwanza utaratibu. Inasemwa niliamua peke yangu. Vikao vya kujadili suala hili viliitishwa Machi 9, Machi 23 na Aprili 6. Waliohudhuria ni sita, tisa na watano. Vile vya Machi 23 na Aprili 6 nakubali vilikuwa ndani ya Ramadhani na wengine mlikuwa mmefunga. Machi 9 mlikuwa mmefunga nini? Akidi yetu ni theluthi ya wanachama 52, yaani watu 18, na aliyekuwa anauza rekoda alikuwa ametupa muda hadi katikati ya Aprili kabla hajamuuzia mtu mwingine. Nikampigia katibu, hakupokea. Nikampigia mhazini, akasema, "Mwenyekiti ni wewe." Nililichukua hilo kuwa ni idhini. Mhazini anasema hakumaanisha hivyo. Sasa mtu amwambie mwenyekiti wake maneno kama hayo amaanishe nini?

Pili, sababu yenyewe. Kinanda cha funguo 88 tulichokitaka bei yake Dar es Salaam ilikuwa 2,900,000, na baada ya kuchangishana mwaka mzima na zaidi tulikuwa na 1,640,000. Lakini hata fedha ingetimia, kinanda kingetupa nini ambacho hatuna? Vinanda vidogo vya funguo 25 vya kuchomeka kwenye kompyuta tunavyo vitatu. Ukiwa na kompyuta mpakato, vayolini, tarumbeta na okestra nzima vimo ndani ya programu, vingine bure kabisa. Nendeni kwenye hizo maktaba za sauti mkatafute zeze la Kigogo. Tafuteni ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mtapewa kalimba ya jumla jumla, imesawazishwa kama piano, haina kwao. Prodyuza wa Seoul anayo hiyo hiyo, na wa London anayo. Tukitumia vayolini wanazotumia wao, kwa kompyuta mbovu kuliko zao, mtu atutafute Dodoma kwa lipi?

Na kuna jambo ambalo kila nikilisema darasani watu wanacheka, basi leo nimeliandika. Muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011, ni Baba Yetu, wa gemu ya Civilization IV iliyotoka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Mtunzi wake, Christopher Tin, ni Mmarekani. Lugha ni ya kwetu, tuzo haikuja kwetu. Najua kuna atakayesema mwaka 2005 alikuwa darasa la pili. Mimi sikuwa darasa la pili, na ndiyo maana linaniuma.

Wapo wanaosema bila kinanda kikubwa hawawezi kutunga. Gemu ya Space Invaders, Japani, mwaka 1978, ilikuwa na noti nne za besi zinazoshuka, basi. Kadiri maadui wanavyosogea noti zinakwenda mbio zaidi, na zilitosha kumtoa mchezaji jasho. Noti nne. Funguo 84 zinazobaki ni za nini?

Waliokwenda Chamwino mwezi Agosti kurekodi ilimba kwa rekoda hiyo wanajua kilichofanyika. Wasiokwenda ndio wenye maneno. Mnakumbuka muziki wa gemu hauna mwanzo na mwisho kama wimbo, maana mtunzi hajui mchezaji ataingia pangoni saa ngapi, au atakaa mlangoni dakika kumi akila. Kwa hiyo ala inarekodiwa sauti moja moja, halafu programu ndiyo inayopanga: akitembea isikike ilimba peke yake, simba akikaribia ngoma iingie chini yake. Ilimba tuliyoikuta ina vyuma 30. Kila chuma kilipigwa polepole, wastani na kwa nguvu, kila kipigo mara mbili. Hizo ni rekodi 180, na kati yake jogoo aliwika kwenye 11 na bodaboda ilipita kwenye saba. Tulirudia zote. Upepo wa Agosti mnaujua wenyewe, maikrofoni ikipulizwa inanguruma kama lori. Kifuniko chake nilikitengeneza kwa mkono wangu kutokana na mdoli wa manyoya wa mtumba nilioununua sokoni Sabasaba kwa 2,000, fedha ambayo sijadai.

Jambo moja niliseme kwa urefu. Ilimba ya Wagogo ina matundu madogo kwenye sanduku lake, yanafunikwa kwa utando wa buibui, na utando ule ndio unaoleta mvumo kama wa nyuki kila chuma kikiguswa. Kijana wetu mmoja aliyevaa hedifoni akasema kuna kelele, akapitisha kichujio, mvumo ukatoka, ikabaki "ting, ting" safi kabisa. Akamsikilizisha mzee mwenye ala. Mzee akavua hedifoni, akaziweka juu ya mkeka, akauliza, "Yangu mmeipeleka wapi?" Nikaamuru tufute, tukaanza upya, na tukarudi mjini saa mbili usiku. Somo hilo ni kinanda gani kingetufundisha?

Tatu, kuhusu rekoda kuonekana kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu. Ilionekana. Ilikuwa ni majaribio katika mazingira yenye watu wengi, na vigelegele mnavyovisikia kwenye sehemu ya sokoni ndani ya ile gemu ya simu vilitoka pale pale. Betri nilinunua mwenyewe. Sikulipwa kitu, labda kama sahani ya pilau nayo inahesabika.

Ninalokubali ni moja. Waliochangia kinanda nilipaswa kuwaambia kabla, si baada. Yupo dada wa kwaya aliyetoa 150,000 akijua atapata pa kufanyia mazoezi ya mikono miwili, na hadi leo anafanyia kwenye ubao aliouchorea funguo kwa kalamu. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Alinipa chai. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Mahudhurio na ada

Katika wanachama 52, waliolipa ada kamili ya 60,000 ni 13. Wanaodaiwa ni 39, na deni lao ni 2,340,000. Pigeni hesabu wenyewe kinanda kiko mifukoni mwa nani. Ada hiyo ni 5,000 kwa mwezi. Asubuhi kwenye kundi salamu na maua vinaingia kutoka kwa watu arobaini, lakini katibu akituma namba ya malipo kunakuwa kimya kama msiba umetangazwa.

Darasani tunakuwa wanane kwa wastani. Ikitokea kazi ya biti ya harusi tunakuwa wanne. Matokeo yake tumeyaona: filamu ya tatu ilirudishwa kwetu kwa sababu muziki ulimeza maneno ya mama anayelia, onyesho muhimu kuliko yote. Aliyechanganya sauti hakuwepo Jumamosi tuliyofundishana kwamba maneno yanatangulia na muziki unakaa chini yake. Alikuwa na udhuru. Udhuru wake sikuupata kwa maandishi. Nilikaa naye usiku mmoja tukairekebisha, na mwenye filamu akalipa, pungufu kidogo.

Mwenye nyumba naye ameuliza kama kweli chumba kinatumika.

Matarajio

Mwaka ujao, panapo majaliwa, tunatarajia kumalizia sauti za Chamwino ziwe maktaba kamili ambayo mtunzi yeyote anaweza kuinunua, ingawa bei na utaratibu wa kumgawia mzee wa watu haki yake bado tunautafakari. Muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo, hatujaurekodi, tungependa sana. Wazo la kutembelea TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, lipo, na la kupeleka kazi kwenye tamasha la filamu Zanzibar lipo pia, hali ikiruhusu. Kinanda hakijafutwa, kimesogezwa mbele.

Uchaguzi wa viongozi upo kwenye ajenda namba sita. Sijasema nagombea, na sijasema sigombei.

Rekoda iko kwangu, kwenye kabati lenye kufuli. Anayeihitaji aandike jina lake kwenye daftari na aje na betri zake, nne, zile ndogo.

Mwenyekiti