Silinda hedi moja, sheria mbili

Mhariri,

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi magari hapa Ohio, Marekani, na Jumamosi zangu huishia kwenye mbio za robo maili. Gari langu ni Chevrolet Camaro ya 1969, daraja la Stock, yaani la magari yanayobaki karibu na yalivyotoka kiwandani. Humo kwenye kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu za injini, unaruhusiwa kubadili muda wa valvu kukaa wazi, lakini kimo cha kuinuka lazima kibaki kile cha kiwandani. Sheria ngumu, ila inapimika: mkaguzi anaweka geji, mshale unasema.

Kero yangu ni silinda hedi, kile chuma cha juu ya injini kinachobeba valvu. Yangu ilipasuka katikati ya valvu mbili, ufa mwembamba kama unywele. Nikanunua ya kampuni nyingine, umbo lile lile, valvu saizi ile ile. Mkaguzi akanifungulisha kifuniko cha valvu, akafuta oili kwa kitambaa, akasoma namba iliyosubiwa kwenye chuma, akanirudisha nyumbani. Wiki mbili baadaye jamaa mwingine akapita na hedi kama hiyo hiyo! Kuuliza, naambiwa, "Yake ilikubaliwa zamani."

Mwaka 2016 NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, ilipoondoa kabureta kwenye Pro Stock, daraja la madereva wa kulipwa, na kuweka kikomo cha mizunguko 10,500 kwa dakika, wapo walionuna, maana mfuko ulitoboka. Lakini daraja zima lilibanwa sawa.

Sidai hedi yangu ipite. Wabandike orodha ya vipuri vilivyokubaliwa pale penye mizani ya kupimia magari, na yule jamaa naye afunguliwe kifuniko.

Fundi wa Tanga,
Ohio, Marekani