Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daftari la Wanawake Waliotawala

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Mkutano mkuu uliopita uliiachia kamati kazi moja tu: kuandaa daftari la wanawake walioshika dola katika nchi za Kiislamu zamani, ambalo mwalimu wa madrasa au wa sekondari anaweza kulifungua mbele ya wanafunzi bila hofu ya kuulizwa swali likamshinda. Taarifa hii inaeleza jinsi daftari lilivyopangwa, ni wapi kazi ilikwama, na mwaka ujao tunahitaji nini kutoka kwenu.

Tulianza na orodha zinazozunguka kwenye simu. Nyingi hazifai. Zinamweka mke wa sultani aliyejenga msikiti kando ya mwanamke aliyeamuru vita, kana kwamba ni jambo moja. Nyingine zinafungua na Bilqis, malkia wa Sabaa anayetajwa katika Surat An-Naml, ambaye alitawala kabla ya Uislamu wa Mtume kwa karne nyingi. Kumheshimu ni sawa, lakini mahali pake si katika daftari hili.

Kwa hiyo kipimo kimechukuliwa kwa watu wa zama hizo wenyewe. Mtawala wa Kiislamu alijulikana kwa mambo mawili: jina lake kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa kwenye sarafu. Khatibu alipofika kwenye dua ya hotuba ya pili, alimwombea khalifa kisha mwenye nchi. Mji ukiacha kutaja jina, hiyo ilikuwa habari ya uasi hata kabla ya upanga kutolewa. Sarafu nayo ilitembea mpaka kwa muuza nyama, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai hajui nani anatawala. Tumeongeza kipimo cha tatu: hati na barua zilizotoka kwa jina la mtawala mwenyewe.

Daftari lina safu tatu. Ya kwanza ni ya wanawake ambao angalau kimoja kati ya vipimo hivyo kimethibitika kwao. Ya pili ni ya waliosimamia dola kwa niaba ya mtu mwingine, mara nyingi mtoto au mjukuu. Ya tatu ni ya wenye ushawishi bila madaraka. Safu ya tatu tumeiacha wazi makusudi, maana ukianza kuijaza haiishi.

Arwa binti Ahmad wa Yemen ndiye wa kwanza katika safu ya kwanza. Mumewe al-Mukarram, wa ukoo wa Sulayhi, alimkabidhi shughuli za dola akiwa bado hai, na makao yakahamishwa kutoka Sanaa hadi Dhu Jibla. Mwanahistoria Umara wa Yemen anasimulia sababu: watu wa Sanaa walipoitwa walikuja na panga na mikuki, wa Dhu Jibla walikuja na kondoo na mazao ya shamba, na Arwa akamwambia mumewe kuwa kuishi na hawa ni bora zaidi. Mkwewe Asma binti Shihab alikwisha kutajwa katika hotuba kabla yake. Arwa alitajwa baada ya khalifa wa Kifatimi (ukoo wa Kishia uliotawala Misri), al-Mustansir, ambaye alimpa pia cheo cha hujja, daraja kubwa ya kidini. Hapo ndipo anapotofautiana na karibu wote wanaomfuata daftarini: alikuwa na mamlaka ya dini pamoja na ya dola. Khalifa al-Amir alipouawa 1130 na urithi ukagombaniwa Cairo, Arwa alisimama na mtoto al-Tayyib, akaupanga upya uongozi wa da'wa chini ya dai, yaani kiongozi wa da'wa, mwenye mamlaka kamili. Mabohora wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam ni wa mkondo huo. Kwa hiyo mwanachama anayepita mbele ya msikiti wao anapita mbele ya kazi ya mwanamke aliyefariki 1138 na kuzikwa ndani ya msikiti wake huko Dhu Jibla.

Tahadhari: lakabu ya Arwa, al-Sayyida al-Hurra, ilitumiwa na mwingine miaka mia nne baadaye, liwali wa Tetouan huko Morocco, ambaye madaraka yake yalikoma 1542. Orodha kadhaa zimewafanya mtu mmoja. Huyu wa pili sultani Ahmad al-Wattasi alimfuata Tetouan kumuoa mwaka 1541, badala ya bibi harusi kupelekwa Fez, jambo linaloonyesha uzito wake. Hata hivyo alikuwa liwali wa mji, na tumemwandika hivyo.

Shajar al-Durr wa Misri ametuchukulia muda mrefu kuliko wote, na ninaomba mmsome kwa makini kwa sababu hatua zake zinafahamika moja baada ya nyingine. Novemba 1249, jeshi la Louis wa 9 wa Ufaransa likiwa limeshaichukua Damietta, mumewe sultani al-Salih Ayyub alifariki kambini Mansura. Shajar al-Durr akakificha kifo hicho. Walioshirikishwa ni wachache, akiwemo amiri jeshi Fakhr al-Din na towashi mkuu. Maiti ilisafirishwa kwa mashua kwa siri hadi ngome ya kisiwa cha Rawda, Cairo. Chakula kiliendelea kuingizwa katika hema la sultani na wageni waliambiwa anaumwa. Amri ziliendelea kutoka na alama ya sultani juu yake, na vyanzo vinapishana hapa: vingine vinasema alizitia alama karatasi tupu kabla ya kufa, vingine vinasema mtumishi aliiga mwandiko wake. Wakati huo mjumbe alikwenda mji wa Hisn Kayfa kumleta mrithi, Turanshah, mwana wa sultani. Turanshah alifika Februari 1250. Wafaransa wakashindwa, Louis akatekwa, lakini Turanshah aligombana na mamluki (askari watumwa) wa baba yake nao wakamuua tarehe 2 Mei. Wakamtawaza Shajar al-Durr.

Sarafu yake inaeleza udhaifu wa kiti chake kuliko kitabu chochote. Jina Shajar al-Durr halimo. Anaitwa al-Musta'simiyya, yaani wa khalifa al-Musta'sim wa Baghdad. Al-Salihiyya, yaani wa mumewe al-Salih. Malkia wa Waislamu, na mama wa al-Malik al-Mansur Khalil. Khalil huyo alikuwa mtoto wake aliyekwisha kufa angali mdogo, na hati alizitia saini kama mama wa Khalil. Nguzo tatu, zote wanaume, wawili kati yao marehemu, na wa tatu akamkana: khalifa alikataa kumtambua, na maamiri wa Syria wakaasi. Baada ya siku kama 80 alijiuzulu na kuolewa na Aybak, amiri wa mamluki. Tunawaomba walimu wasiishie kwenye mauaji ya 1257 yaliyowamaliza wote wawili. Hadithi ya wivu huvutia darasa, lakini somo liko kwenye miezi sita ya Mansura.

Raziyya wa Delhi (1236–1240) ana ushahidi wa namna nyingine. Baba yake Iltutmish alimwona anafaa kuliko wanawe wa kiume, lakini wakuu wakamweka kaka yake Firuz, ambaye hakumaliza mwaka. Raziyya aliwageukia watu wa mji. Sarafu zilizopigwa Lakhnauti, Bengal, zina lakabu yake Jalalat al-Dunya wal-Din pamoja na jina la baba. Kilichomwangusha kilikuwa uteuzi. Alimpandisha Yaqut, Mhabeshi, kuwa mkuu wa mazizi ya farasi, na maamiri wa Kituruki wakaona cheo chao kimetoka nje ya kabila. Masimulizi ya baadaye yaligeuza jambo hilo kuwa mapenzi. Daftari letu linaandika kilicho imara: cheo, hasira ya maamiri, kuuawa kwa Yaqut, uasi wa liwali Altunia huko Bathinda, ndoa ya Raziyya na Altunia huyo huyo ili kurudisha kiti, na kushindwa kwao Oktoba 1240.

Khadija wa Maldivi ana shahidi tunayemjua pwani hii: Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa 1331. Alipofika Maldivi 1343 alimkuta Khadija binti Jalal al-Din Umar kwenye kiti, naye akawa kadhi chini yake. Anaeleza kuwa khatibu alimwombea malkia Ijumaa na nyakati nyingine, kwamba amri ziliandikwa kwa chuma kilichopinda juu ya majani ya mnazi, karatasi ikihifadhiwa kwa Qur'ani na vitabu vya elimu, na kwamba askari walilipwa mchele. Anaeleza pia kuwa shughuli zilikuwa mikononi mwa waziri, mume wa Khadija. Kuna mjumbe wa kamati aliyetaka ashushwe safu ya pili kwa sababu hiyo. Hoja hiyo imekataliwa. Masultani wangapi wanaume waliachia mawaziri kila kitu, na hakuna anayewafuta? Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Aceh, kaskazini mwa Sumatra, ilikuwa na malkia wanne mfululizo kuanzia 1641 hadi 1699: Safiatuddin, Naqiatuddin, Zakiatuddin na Kamalat Syah. Wa kwanza peke yake alitawala miaka 34. Ndiye aliyemwomba mwanachuoni Abd al-Rauf wa Singkil aandike kitabu cha fiqhi kwa Kimalai, na mwandishi alipofika kwenye masharti ya hakimu hakulitafsiri sharti la kuwa mwanamume. Mlolongo ulikatika 1699 ilipofika barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikisema utawala wa mwanamke haufai kisheria.

Hili linatuleta kwenye swali lililoletwa na wanachama zaidi ya lingine lolote, la hadithi ya Abu Bakra katika Bukhari, kuwa hawatafaulu watu waliompa mwanamke uongozi wao. Daftari linaitaja wazi pamoja na tukio lake, yaani habari kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra. Linasema pia kuwa wengi wa mafakihi waliufanya uanaume kuwa sharti la uongozi mkuu, kwamba Abu Hanifa aliruhusu mwanamke kuwa kadhi nje ya hudud na kisasi, na kwamba at-Tabari amenukuliwa akiruhusu ukadhi bila kikomo hicho. Kutoa hukumu si kazi ya chama hiki. Kazi yetu ni kuandika kilichotokea, na kilichotokea ni kwamba makhatibu na makadhi wenye elimu walisimama kwenye mimbari wakawaombea wanawake hawa.

Sasa pwani yetu, ambako makosa yamekuwa mengi zaidi na sababu zake zinafahamika. Ya kwanza ni majina. Kuna Fatima wa Kilwa, ambaye barua zake na za jamaa zake za mwaka 1711, kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hii yaliyobaki. Kuna Mwana Fatuma wa Unguja, aliyekuwa upande wa Wareno, akapelekwa Maskati baada ya Waomani kuichukua Ngome ya Yesu 1698, kisha akarudi. Na kuna Jumbe Fatuma wa Mwali, Visiwa vya Ngazija, aliyetawazwa mtoto 1842 na kufariki 1878. Wawili wa kwanza waliishi zama moja, na ndio wanaochanganywa kila mara. Andikeni jina, mji na mwaka pamoja, pasipo kuacha kimoja.

Sababu ya pili ni lugha yetu wenyewe. Mfalme hana jinsia katika Kiswahili. Anayesoma "mfalme wa mji fulani" akili yake inakimbilia mwanamume, na mwanamke anapotea bila mtu kumfuta. Wareno nao waliandika neno moja kwa mke wa mfalme na kwa mwanamke anayetawala, kwa hiyo upande huo kosa linakwenda kinyume: mke anageuka mtawala. Kabla ya kuingiza jina, angalieni kama kuna barua aliyotoa, zawadi au mkataba uliopokewa kwa jina lake.

Tarehe zimetusumbua pia. Kubadili mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 532 unatoa 1138, na 648 unatoa 1250. Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria una siku 354 au 355 na huangukia ndani ya miaka miwili ya Miladia. Hivyo andikeni zote mbili, 532/1138. Anayeongeza 622 bila kuzidisha atampeleka Arwa mpaka 1154.

Safu ya pili imeanza na Sitt al-Mulk, aliyeshika Misri baada ya kupotea kwa kaka yake al-Hakim 1021, Dayfa Khatun wa Halab, aliyetawala kwa ajili ya mjukuu wake 1236 hadi 1242, na Kösem wa Istanbul. Mabegum wa Bhopal, wanawake waliotawala dola hiyo ya India, hawajaingizwa bado. Wataanza mwaka ujao, na Sikandar na Sultan Jahan watangulie.

Ombi la kamati kwa wanachama wa pwani ni picha za maandishi ya makaburini na misikitini yanayotaja wanawake. Ombeni ruhusa ya wenyewe kwanza. Pigeni asubuhi au jioni, jua likitokea ubavuni, maana jua la utosini linafuta herufi zilizochongwa. Wekeni rula kando ya jiwe, pigeni picha ya jiwe zima kisha kila mstari peke yake. Msipake chaki, mafuta wala maji ili herufi zionekane, kwa sababu jiwe la matumbawe linanyonya na litamomonyoka. Picha zitumwe kwa katibu pamoja na jina la mahali na tarehe mliyopiga.