Kabla hujatoboa slabu

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Swahibu yangu,

Barua yako nimeipata, na picha za ile ghorofa ya Mwanza pia. Mama hajambo, anakudai sangara uliyemwahidi. Tuje kwenye slabu, lile bamba la zege linalobeba ghorofa, maana picha ya tano imeninyima usingizi.

Mmebandua vigae mkakuta ufa umeizunguka nguzo kama kisahani na kikombe. Fundi anasema ni ufa wa sakafu tu. Si kweli, mwenzangu. Slabu yenu haina bimu za kuibeba, na mzigo wote unaingia kwenye nguzo kupitia eneo dogo sana. Ukizidi, nguzo inatoboa: kipande cha zege kinakatika kwa umbo la faneli, chembamba chini na kipana juu, na slabu inashuka. Haipindi kwanza ikakupa muda wa kukimbia. Na nguzo ya jirani, ikirithi mzigo ule, inafuata.

Kwa hiyo mwambie tajiri robota zake za vitenge zishuke leo, asingoje Jumatatu. Ile ilijengwa iwe ofisi, haikujengwa iwe ghala. Kule Gretzenbach, Uswisi, mwaka 2004, paa la gereji ya chini ya ardhi lilibeba udongo mnene kuliko uliopangwa. Moto ulipozuka, likawaangukia wazimamoto, saba wakafa.

Halafu jeki za chuma, kuanzia chini ya slabu hiyo hadi ardhini, ghorofa kwa ghorofa. Ukizisimamisha ghorofa moja tu, umeihamishia slabu ya chini matatizo. Zikazwe kwa hesabu mpaka zipokee sehemu ya mzigo. Hapa ndipo wengi tunapokosea: ukifunga kola ya chuma, yaani pete ya kuishikilia slabu kwa chini, kwenye nguzo wakati slabu imeshalemewa, kola inangojea mzigo wa kesho tu; wa leo bado uko kwenye zege lilelile lililopasuka.

Kumbuka maegesho ya magari ya Pipers Row, Wolverhampton, Uingereza, mwaka 1997. Zege la kuzunguka nguzo lilikuwa limechakaa, likatiwa viraka, na viraka havikushikana vizuri na zege la zamani. Ghorofa ya juu ikaanguka usiku. Bahati nzuri hapakuwa na mtu.

Ulitaka kumimina zege jipya juu. Linaongeza unene, sawa, lakini na uzito pia, na zege la zamani lazima likwaruzwe vizuri ndipo lishike. Mimi ningetoboa matundu kuizunguka nguzo, safu kadhaa, nipitishe bolti zenye bamba juu na chini. Kama slabu ni milimita 200, safu ya kwanza iwe kama milimita 80 kutoka usoni mwa nguzo. Mbali zaidi, ufa unaweza kupita katikati bila kukutana na bolti hata moja. Kama huwezi kufika juu, kuna njia ya kutoboa kwa chini, mshazari wa nyuzi 45 kuelekea nguzo, na kupachika nondo kwa gundi ya epoksi.

Ila drili usiiguse. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii nilitoboa kwa kukisia nikakata nondo tatu za juu, palepale kwenye nguzo. Nilikwenda kuiongezea slabu nguvu, nikaipunguzia. Mpaka leo sijamwambia mtu ila wewe.

Napanda basi Alhamisi, nakuja na mashine ya kusoma nondo. Nitafutie michoro ya zamani, hata kama imeliwa na mchwa.

Wako wa benchi la nyuma