Mwanangu, hilo kopo mbona haliishi?

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulisema kopo la mafuta ya kupaka ngozi halijafika hata nusu, ukasema kwa furaha kana kwamba umebana matumizi. Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Kopo la gramu 500, mwezi wa pili huu! Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi akipaka mwili mzima inavyotakiwa, wiki mbili ni nyingi.

Najua, ngozi ilitulia ukaacha. Ndivyo inavyokuponza kila mara. Ngozi yako haishiki maji kama ya wenzako, hata siku inapoonekana laini. Oga maji ya vuguvugu, dakika 10 zisizidi, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha upake papo hapo mwili ungali na unyevunyevu. Asubuhi na jioni. Mitihani yote ulifaulu kwa kushika ratiba, nami natamba nawe kwa kila anayenisikiliza. Mafuta ndiyo yanakushinda?

Krimu ya daktari usiiogope. Kamua kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza, hiyo yatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Paka palipochachamaa tu, kwa siku alizokuandikia. Ulipokuwa mdogo niliambiwa inachubua ngozi, nikawa nakudondoshea kidogo mno, na wewe usiku unajikuna hadi shuka lina damu. Na ile sabuni ya dawa niliyokusugulia nikidhani ni uchafu... basi, tuyaache.

Usisubiri wekundu ndipo ujue ngozi imechachamaa. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu huja kwa rangi ya zambarau au kijivu. Ukiona usaha, maganda ya njano, au vilengelenge vinavyouma pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usinipigie mimi kwanza.

Mdogo wako amehamia kitandani kwako, anasema ni kwa muda. Mlango wa nyuma umepata bawaba mpya. Blanketi la sufu ulilosahau silitumi, litakuwasha. Nakutumia shuka mbili za pamba na kikata kucha, kwani kucha zako nazijua.

Jumapili ukipiga, kabla ya salamu, niambie kopo limefika wapi.

Mama yako