Kaka, hiyo treka bado iko ndani ya gari

Kaka,

Umetoka kwenye grupu ya familia na simu zangu hushiki, kwa hivyo nakuandikia hapa. Najua mtoto wa shangazi atakusomea hata ukikataa. Wengine mnaopita, karibuni, ila haya ni ya nyumbani.

Mama ameniambia umesema Probox iuzwe kabla ya harusi ya kitinda mimba wetu, eti ina umeme mbovu na inamaliza watu pesa. Umeme wa gari lile ni mzima tangu Machi, na wewe ni shahidi. Kila alfajiri treka, kile kifaa cha kufuatilia gari, inakuonyesha kwenye simu yako nikitoka Elburgon na viazi, nikipita njia panda ya Njoro, nikiingia soko la Wakulima hapa Nakuru kabla watu hawajajaa. Gari bovu lingekuwa linaonekana limesimama uani.

Nianze na betri. Ulituma pesa nikanunua mpya, na sijawahi kuacha kukushukuru kwa hilo. Haikupita muda, gari likarudia yale yale: nazungusha ufunguo, stata inalia tak-tak-tak, taa za dashibodi zinafifia, vijana wa steji wanakuja kusukuma huku wakiuliza nitawaachia ngapi. Ukasema ni alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Hukusema wewe, alisema rafiki yako, yule wa gereji yenye sakafu ya vigae, ambaye akikuambia leo jua limechomozea Londiani, kule magharibi, utaamini. Alteneta ikabadilishwa. Nilipoomba ile ya zamani nikajibiwa imeenda na vyuma kuukuu. Gari likalala tena. Safari hii akachomeka mashine yake chini ya usukani, ikatoa orodha ndefu ya makosa, akakupigia kwamba kompyuta ya gari imekufa na mpya ni shilingi 45,000. Nawe ukaanza kuitafuta. Zamu za usiku za Doha unazijua wewe mwenyewe. Mimi ndiye niliyekataa hiyo pesa isitoke, na jambo hilo hujawahi kulitaja mbele ya mama.

Ndipo nikalivuta gari hadi kwa fundi wa waya kule Shabab. Jina lake silitaji, hajaniomba matangazo. Hana vigae. Ana mita, ana taa ya kupimia, ana kijana wa mkono na benchi la wateja lenye mguu uliofungwa kwa waya. Hakushika spana. Aliniuliza maswali: lilianza lini, hufa likikaa muda gani, na ni kitu gani kiliwekwa ndani ya gari kabla halijaanza. Hilo la mwisho hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Betri aliichaji usiku kucha. Asubuhi, ikiwa imetulia, ilisoma volti 12.6, ambayo ndiyo betri iliyojaa. Akawasha injini ikapanda 14.2, akawasha taa zote na feni, haikushuka chini ya 13.8. "Dada, alteneta hii inafanya kazi," akasema. Nikamuuliza, na ile ya kwanza je? "Hiyo sikuiona, siwezi kuisemea." Hebu niambie, rafiki yako angejibu hivyo? Alikuwa na nafasi ya kumpaka mwenzake matope mbele ya mteja aliyejaa hasira, na akaiacha.

Kisha akafungua waya wa hasi wa betri, akaipitisha mita katikati, akatoa ufunguo, akafunga milango, akanituma chai ili gari lipate kulala. Nilirudi baada ya kama nusu saa nikakuta mita inasoma ampea 0.8, ndio umeme unaotoka kwenye betri. Gari lililolala, akaniambia, halifai kupita 0.05. Akanipigia hesabu kwenye kipande cha katoni: 0.8 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 19 kwa siku, na betri uliyolipia ni ya ampea-saa 45. Ndiyo maana siku za kazi liliwaka na kila Jumatatu likawa maiti. Betri ilikuwa inanyonywa tangu Ijumaa jioni.

Akapapasa kisanduku cha fyuzi chini ya boneti kwa vidole. Injini ilikuwa ya baridi, lakini rilei moja, swichi inayowashwa kwa umeme, ilikuwa na joto. Ni rilei kuu ya injini, inayopaswa kuachia ufunguo ukitolewa. Akafuata waya wake taratibu hadi chini ya dashibodi, na huko akakuta treka. Ndiyo, ile uliyoagiza iwekwe ili ujue naenda wapi. Waya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, hakuna fyuzi, na umeme wa betri ulikuwa unapenya kwenye waya unaoshikilia rilei ile. Kompyuta haikuwa imekufa, ilikuwa imenyimwa usingizi. Na yale makosa ya kwenye mashine? Volti zikishuka kompyuta hulalamikia kila kitu, kama mtoto mwenye njaa.

Treka hiyo aliyeifunga ni rafiki yako. Sikuongezea neno hapo, soma tu.

Ukapiga simu wakati huo huo. Nikaweka spika ili fundi akueleze mwenyewe, maana mimi nikieleza huwa unasema nachanganya. Hakumaliza sentensi. "Kwa hivyo mnataka kuitoa treka," ukasema. "Nilijua tu. Hebu muulize huyo fundi wako mnagawana ngapi." Kijana wa mkono alisikia. Mwenye Fielder aliyekuwa benchini akingoja alisikia, mama wa chai alisikia. Yule ni mtu wa rika la baba, kaka. Alijibu, "Haitoki, inaungwa upya," lakini ulikuwa umeshakata.

Mimi umeniita mwizi zamani, tangu yale mahindi ya Kitale, na nimezoea. Yeye hakuwa amezoea. Aliendelea na kazi bila kuniangalia. Akaunga zile waya kwa lehemu, akaiwekea treka fyuzi yake, akapima tena mbele yangu: 0.03. Akanidai shilingi 1,500 na kunikabidhi vile vipande vya waya vya zamani. Ninavyo.

Popote utakapopeleka gari, hata huko uliko, dai kilichotolewa uwekewe mkononi, na dai kuona namba ya mita kabla na baada. Ndivyo mimi ninavyofanya. Ujumbe wa M-Pesa sijafuta hata mmoja. Daftari la viazi liko kwa mama, na pesa ya chai ya siku ile imo, nimeiandika. Katika nyumba ile hakuna mtoto mwingine anayeandika pesa ya chai. Sasa mtu kama huyo ndiye wa kuulizwa anagawana ngapi?

Najua umbali unachosha. Ulipoondoka Nakuru ilikuwa mji, na tangu Desemba 2021 ni jiji, ingawa matope ya kwetu hayajapata habari. Unatuma pesa usiyoiona ikitumika, na jioni mtu anakupigia na maneno. Sijasahau pia kwamba gari lile ulilinunua ili mama asipande boda kwenda kliniki. Amepanda boda mara ngapi tangu Machi? Hata mara moja. Basi unamuuzia nani, na wewe mwenyewe utatoka stendi na mizigo ya harusi kwa gari la nani?

Haliuzwi. Kama unataka pesa yako, tutakaa na daftari, nitakulipa polepole na viazi vikikubali.

Fundi huniuliza, kwa adabu zake, kama yule bwana wa simu amesharudi. Ukifika nitakuchukua stendi na tutapitia Shabab kabla ya nyumbani. Utashuka garini, utamsalimia, na utayasema ya kusema kwa sauti ile ile, na mama wa chai akiwepo. Mama nimeshamwambia siku hiyo tutachelewa kula.