Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi, Desemba 2024

Ndugu wanachama, wazazi, dada zangu tuliosoma pamoja, Mkuu wa Shule na walimu wetu: karibuni, na poleni na safari, hasa mliopanda kutoka Dar es Salaam na Dodoma kuja kula sikukuu nyumbani.

Kazi za kawaida za umoja wetu wa kuisaidia shule hii ya wasichana mnazijua, nitazipitia haraka. Taulo za kike na sabuni zimepelekwa kila muhula, ingawa bei imetubana tangu msamaha wa VAT kwenye taulo, uliotolewa 2018, uondolewe 2019. Mabomba ya bweni la kidato cha kwanza yamekarabatiwa. Zawadi za mahafali zilitolewa. Wasichana wawili waliorejea shuleni kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, ule unaowaruhusu walioacha shule kurudi, wanaendelea vizuri, na mmoja amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita. Matroni tunamshukuru sana.

Sasa nije kwenye suala la geti.

Mkutano wa mwaka jana ulitenga sh. 4,200,000 kwa ajili ya geti jipya na kibao chenye jina la umoja wetu. Mwezi Machi kamati ya utendaji, chini ya uenyekiti wangu, ilizihamishia fedha hizo kwenye mafunzo ya walimu wa Hisabati, Fizikia na Kemia. Katiba yetu inaruhusu hilo panapokuwa na dharura, mradi kamati itoe taarifa kwenye mkutano mkuu unaofuata. Taarifa ndiyo hii. Kwa walioandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba fedha zimeliwa, risiti zote ziko kwa mweka hazina, mezani pale. Njooni mzione kabla hamjaondoka.

Wengine wameuliza dharura ilikuwa ipi. Mwezi Februari niliomba kukaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu, kipindi cha Kemia. Wasichana zaidi ya sitini, bureti moja, ule mrija wa kupimia kimiminika, mezani kwa mwalimu. Waliokaa mbele waliona rangi ikibadilika. Wa nyuma walinakili namba ubaoni bila kuona hata tone. Mwalimu ni kijana mwenye bidii, wala simlaumu. Hajapata mtu wa kumwonyesha namna ya kuligawa darasa kubwa likafanya jaribio kwa vifaa vichache. Na mwaka huu ndio mtaala ulioboreshwa umeanza, unaotaka mwanafunzi ajenge umahiri. Umahiri wa kunakili ubao haumsaidii msichana kwenye mtihani wa vitendo.

Nilitafuta wawezeshaji mwenyewe, vyuoni hapa hapa Moshi, na nilikaa nao mpaka wakapunguza posho. Mafunzo yalifanyika likizo ya Juni kwa walimu wanane, na fedha iliyobaki ikanunua bureti na pipeti. Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ya lugha. Watoto wetu wengi wamesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Msichana ananyamaza, mwalimu anadhani hajui hesabu, kumbe hajaelewa swali. Walimu walifanya mazoezi ya kuuliza, kuwaacha wanafunzi wajadiliane wawili wawili, ndipo wamwite mmoja ajibu, na asiwe kila siku yule yule wa dawati la mbele.

Nimeambiwa hiyo ni kazi ya serikali, kwamba MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ipo. Ipo, na ni mpango mzuri. Lakini walimu wanapokutana shuleni kujifunza wenyewe kwa wenyewe wanahitaji vitini na mtu wa kuwaongoza mwanzoni, na hapo ndipo tuliposaidia. Nimeambiwa pia mwalimu huhamishwa. Ni kweli, wa Fizikia alihamishwa Septemba. Saba wamebaki, na huyo mmoja amekwenda kufundisha watoto wa Watanzania wenzetu. Mkoa huu tunamtaja Mama Maria Kamm, aliyekuwa Mkuu wa Shule ya Wasichana Weruweru, kila tunapozungumzia elimu ya msichana. Wote ninaowasikia wakimsifu husema alivyowalea wanafunzi wa Weruweru. Sijamsikia anayetaja geti.

Agosti nilirudi darasa lile lile. Makundi sita, kila kundi na bureti yake. Msichana mmoja alipiga goti mpaka jicho likawa sawa na kimiminika, akamwambia mwenzake, "Umesoma kwa juu, rudia." Matokeo ya mtihani wa taifa yatatoka na tutayapokea, lakini mimi uamuzi ule nausimamia, na ningeulizwa tena leo ningeamua vilevile.

Ndugu zangu, linaloniumiza ni mahudhurio. Kikao cha Juni walikuja wanachama 31. Akidi ni 72. Mkuu wa Shule alikuwa ameandaa chai na maandazi ya watu mia, tukamwachia jikoni. Baadhi ya waliolalamika kwamba hawakushirikishwa walikuwa mjini siku hiyo. Katika wanachama 214, waliolipa ada ya sh. 30,000 ni 97. Tunachangia sendofu laki moja na kipaimara elfu hamsini bila kukumbushwa, na ni vizuri, lakini ada yetu ya uanachama ya mwaka mzima, kwa ajili ya binti anayesoma bwenini, inatushinda? Katibu ameomba kupumzika kwa sababu amechoka kupigia watu simu zisizopokelewa. Nimemsihi abaki.

Fedha kwa ujumla: ada sh. 2,910,000, michango sh. 6,400,000. Matumizi ni mafunzo na vifaa 4,200,000, taulo na sabuni 1,650,000, mabomba 1,900,000, zawadi 600,000. Salio ni sh. 960,000.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kuendeleza mafunzo kwa walimu wa lugha, kuangalia uwezekano wa vitabu vya ziada, na geti pia halijasahaulika, litajengwa hali itakaporuhusu. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti