Pete za mninga si risiti ya mvua

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya kisiki cha mninga, kwamba kina pete 62, ile mistari ya duara ndani ya mti, basi mti ulikuwa na miaka 62, na pete za nje ni nyembamba kwa sababu ya ukame, imeniletea balaa kibandani.

Mteja wangu wa kabati la milango mitatu, kianzio ameshalipa, alikuja Jumanne na kipande cha gazeti mfukoni. Akainamia kichwa cha ubao, akahesabu kwa ukucha. "Fundi, hii mbao ya njaa. Punguza." Akakata elfu arobaini!

Ni kweli, mninga wa huku Tabora una pete kwa kuwa masika yetu ni moja, Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu mti unapukutisha majani na kulala. Mvua ikiwa haba, pete husinyaa. Nalikuta hilo kwenye randa kila siku. Lakini mti ukishanenepa, ubao wa mwaka mmoja unatandazwa kwenye mzunguko mkubwa zaidi, kwa hiyo pete za nje zinaweza kuwa nyembamba hata inyeshe kama El Niño ya 1997. Moto wa porini nao unadumaza, na mti jirani ukiziba jua vilevile. Mvua ikikatika Februari ikarudi Machi, mti unaweza kuchora mistari miwili kwa mwaka mmoja. Na mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, mzizi ukabaki chini, kabla shina halijasimama. Miaka hiyo mmeihesabia wapi? Kisiki kimoja hakitoi ushahidi wa hali ya hewa. Mtafute miti mingi iliyokonda mwaka ule ule.

Halafu mnalia ukame, lakini mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, yanayolishwa magogo usiku kucha hamyaoni. Wala mbao mbichi tunazouziwa, leo zimenyooka, kesho zimepinda kama upinde.

Mwandishi wenu aje na msasa namba 400 na kioo cha kukuzia. Gogo nitampa bure. Akimaliza kuhesabu, amweleze mteja wangu. Mlango wa tatu bado sijaufunga.

Seremala,
Ng'ambo, Tabora